Mutani Aliyeshindwa Kuanguka

Mangaza, mutani wangu, mwanamuke wa samaki wa ndakala na wa kupinduka-pinduka,

Barua zote nilizoandika maishani, na si nyingi, nilianza na "natumaini uko muzima wa afya". Yako nitaianzaje hivyo? Nilikuwa pale, nikatupa udongo wangu kama wengine. Basi mambo ya afya tuyaache. Nataka kujua tu kama huko wana magodoro ya kuangukia, maana ninavyokujua hujakaa chini tangu ufike.

Mimi niko. Goti la kushoto linalia kama mulango wa behewa la zamani. Mwandiko unauona mwenyewe: mutu aliyeacha masomo mwaka wa ine haandiki, analima. Vumilia.

Nakuandikia kwa sababu juma lililopita tulitosha matanga yako. Kilio kimeondolewa, mikeka imekunjwa, viti vya kukodi vimerudi kwa wenyewe. Na watu wa muji huu wa Kalemie nawajua. Wa kwanza kukufuata huko atakuletea habari za kupotoka. Atakuambia, "Yule Kasongo wako alipanda juu ya mbao, akaanguka kama gunia la muhogo." Uongo! Sikuanguka. Na hiyo njo aibu yenyewe, Mangaza: sikuanguka. Acha nikueleze taratibu.

Kwanza habari za kwako. Ziwa limepanda tena. Lile jiwe ulilonyooshea miguu asubuhi liko chini ya maji, sasa samaki njo wanafanya mazoezi pale. Kuku wako nimewahamishia kwangu. Mumoja nimekula, usiulize yupi. Jirani yako Mama Fatuma bado anatupa jicho juu ya ukuta wa kati ya nyumba zenu, kama anakungoja upite. Unakumbuka siku ya kwanza alipokuona pale juu, mwanamuke mwenye nyumba yake, unatembea ukutani kumufuata jogoo, beseni kichwani? Alipiga kelele akidhani ni uchawi. Bwana yako, Mungu amulaze pema, alikuwa anatoka kazini bandarini. Akatazama, akaingia ndani pole pole, akafunga mulango. Aliniambia baadaye, "Kasongo, nikimuita atashituka. Nisipomuita, nitakufa mimi." Mutu wa kubeba mizigo ya meli mugongoni, lakini kwako roho yake ilikuwa karatasi.

Wasichana wako wa mazoezi wanaendelea. Hangari inavuja kona ileile. Jumamosi wanafika, wa mujini na wale wanaotembea toka Katanika, wanafagia mavi ya popo, wanatandika magunia, wanaanza. Neema, yule mukubwa wao, njo anapiga firimbi yako. Anaipiga kama mutu anayeita mbuzi. Lakini wanaitika.

Nami nakaa pembeni, kazi yangu ileile uliyonipa ulipokuwa na urefu wa kiuno changu. Sijafukuzwa bado.

Sijui kwa nini siku hizi nakumbuka sana ile kambi ya reli. Baba yako mutu wa ziwa, aliyeacha nyavu akaenda kupaka mafuta magurudumu. Baba yangu mutu wa Ankoro, kule mutoni, aliyefika na muke mumoja na njaa mbili. Watu wa ziwa na watu wa muto, wazee wetu walisema, ni watani. Maana yake siku uliyozaliwa nilikuwa tayari na ruhusa ya kukutukana. Nilikuja kukuangalia, kijana wa ateliye, kule wanakotengeneza mabehewa, mafuta mpaka kwenye viwiko, nikamuambia mama yako, "Huyu si mutoto, ni chura." Mama yako akanitupia mwiko wa bukari, ugali wenyewe bado uko juu. Lakini nilikosea wapi? Kabla hujajua kutembea vizuri ulikuwa unaruka.

Watoto wote wa kambi walitembea juu ya reli. Wewe ulitembea kinyumenyume, ndoo kichwani, na bado ulipata pumzi ya kunitukana ukipita mbele ya ateliye.

Njo hapo yule Sista mwalimu wa mazoezi alikuona. Mufupi, viatu vya raba chini ya nguo ya utawa, firimbi shingoni mahali ambapo wenzake walivaa musalaba. Akaja ateliye kuniomba mbao: ndefu kama hatua za mutu mukubwa tano, nyembamba kama kiganja changu, na isimame juu kama kifua cha mutoto. Watoto wa kike watembee pale. Nilimuuliza, "Sista, wamefanya kosa gani?"

Mbao ndefu hivyo hatukuwa nayo. Nikang'oa mbili ku behewa lililokwisha kufa, nikaziunga na vyuma vya pembeni na bolti. Lakini moja ilikuwa nene kuliko mwenzake. Kidogo tu, unene wa ukucha. Pale katikati zilipokutana pakawa na kangazi kadogo, hata macho hayaoni, muguu tu unaona. Nikachukua randa nisawazishe. Ukapiga kelele, "Wacha, Yaya Kasongo! Mutu ajue katikati iko wapi!" Yaya! Mara ya kwanza na ya mwisho ulinipa heshima ya mukubwa wako.

Sista akanisimamisha chini ya mbao, nimudake atakayeanguka. Wenzako walianguka mikononi mwangu kama maembe. Wewe ukakataa. Ukaniwekea sheria, kidole juu: "Mikono tayari. Usiguse." Nikasimama hivyo saa za jioni zote, mikono mbele kama mutu anayeomba, nikikufuata huku na huku. Watu wa ateliye wakanipa jina la Yaya ya Chura. Nilikasirika muda mufupi. Kisha niliona jambo: kila ulipojua mikono iko pale, hukuihitaji.

Halafu watu wa serikali wakapita wakitafuta vijana wa kuonyesha mazoezi mbele ya wakubwa. Wakakuona unapinduka. Ukapanda treni na valizi ya mbao niliyokutengenezea mwenyewe, nzito kuliko wewe. Hukulia. Mimi nililia kidogo, lakini nilisema ni moshi, na ile treni ilikuwa ya mazutu, si ya makaa, wote walijua.

Miaka ikapita tukikusikia ku radiyo. Foto ikafika: wewe na ekipe ya taifa, jaketi la kijani, jina la nchi mugongoni, na uso wa mutu aliyenyimwa chakula. Na kweli mulinyimwa. Mambo yale ulinieleza baadaye, uani kwako, tukichambua ndakala. Mizani kila asubuhi, kabla hata ya kusalimiana. Viganja vilivyomenyeka kama muhogo kwa ajili ya zile fito za kuning'inia. Kifundo cha muguu kilichovimba mpaka kiatu kikakataa, nawe ukapanda bila kiatu. Na ile medali ya shaba ya mashindano ya Afrika, uliyoipata na homa juu, ukidhani watu wanaokupigia makofi wako ndani ya kichwa chako.

Mutu mwingine angeitundika ukutani. Wewe uliifunga kwenye kamba juu ya ndakala zako, ing'ae juani, ndege waogope. Muteja akilalamika bei, unamunyooshea kidole: "Mama, hizi zilianikwa chini ya ulinzi wa Afrika nzima."

Na Ulaya. Watu walipata vipande, habari nzima ulinipa mimi peke yangu, nami naiandika hapa ili ujue sijapunguza wala kuongeza.

Ulisema ukumbi ulikuwa mukubwa kuliko gare yetu ya treni na wakati wote unanukia sabuni. Wachezaji wa dunia nzima. Ukaitwa, ukapanda. Mbao ya kweli, imevalishwa ngozi, laini toka mwanzo mpaka mwisho. Ulikuwa umeizoea kitambo, kule kwenye mazoezi hukuwaza tena mbao ya behewa. Lakini siku ile woga ulikuvua miaka yote kama nguo, ukabaki mutoto wa kambi. Ukajirusha kinyumenyume, muguu ukashuka, ukatafuta kangazi ka katikati. Hakapo. Muguu ukauliza, ni wapi? Kabla haujajibiwa ulikuwa chini.

Ukasimama. Ukapanda tena, ukamaliza, ukashuka, ukainua mikono kuwasalimia waamuzi, meno yote nje. Hiyo salamu njo uliyowapigia kelele wasichana wako kila Jumamosi: "Hata ukiangukia pua! Simama! Salimia!"

"Ni wewe uliniangusha, Kasongo, wewe na behewa lako la kufa." Kila mwaka, mbele ya wateja. Nami najibu, "Mutu wa ziwa hata ku nchi kavu anazama." Tunacheka mpaka ndakala zinaingia muchanga.

Lakini siku uliporudi hatukucheka. Walikuambia umezeeka. Miaka makumi mbili na mbili! Sisi ateliye katika umri huo hatukuruhusiwa hata kushika nyundo kubwa. Ulishuka treni na uzee wako na valizi yangu. Muji muzima ukapiga vigelegele, wakidhani umeushinda ulimwengu, maana nani amewahi kuona mutu aliyeshindwa akirudi na jaketi zuri hivyo? Ukaingia ndani, ukalala musimu muzima wa mvua. Nilikuja mulangoni kila jioni kukutukana na hukunijibu. Hiyo, Mangaza, njo iliniogopesha. Kuanguka ni kitu kidogo. Mutani asiyejibu ni kitu kingine.

Mama yako njo alikuponya, si mimi. Aliweka beseni mbele ya kitanda, akasema, "Mitumbwi imeingia. Nenda ukachukue ndakala, mabingwa pia wanakula." Ukaenda. Shingo ndefu, vidole vya miguu nje, matako yamekazwa kama mutu anayebeba yai. Soko zima likakutazama. Ulitembea hivyo mpaka kufa, hata foleni ya maji ulisimama kama unangoja kupigiwa firimbi.

Walisema mwanamuke aliyepinduka kiasi kile hatazaa, tumbo limekwisha kugeuka. Akaja Beatrisi wako, kilo zake zote. Huyo mutoto lakini alipata taabu. Masomoni wakamuita "mutoto wa mama wa miguu juu". Wewe ulicheka. Yeye hakucheka. Alisoma kwa hasira, akaenda Lubumbashi, akapata biro, kazi ya ofisini, akavaa miwani. Nitarudi kwake, maana habari yangu yote iko kwake.

Mbao yetu uliikuta nyuma ya nyumba ya masomo ya masista, wazazi wanaikalia wakingoja kulipa minerval, ile karo ya watoto. Uliwaondoa kama kuku. Tukaibeba, wewe mbele, mimi nyuma, mpaka ku hangari ile tupu, na hukuuliza ni ya nani. Ukanusa, ukapapasa katikati kwa kidole, ukapata kangazi kako. "Kako hapa," ulisema. Hilo tu. Jumamosi iliyofuata kulikuwa wasichana watatu, na chaki hatukuwa nayo, wakajipaka mikono unga wa muhogo, jioni wakarudi kwao mbuzi wanawafuata wakilamba.

Mizani ulikataza. Muzazi mumoja alikuja na mawazo ya Ulaya, akasema mutoto wake apimwe apunguze. Ukamuambia, "Baba, humu mizani ni ya ndakala."

Na Katanika. Watu walipokimbia vita wakajaa kule chini ya maturubai, kila mutu alipeleka alichonacho: unga, nguo, sufuria. Wewe ukapeleka magunia matupu. Nilikucheka njia nzima. Ukayatandaza juu ya muchanga, ukavua ndara, bibi muzima na goti limefungwa kitambaa, ukapinduka kwa mikono mara moja, ukasimama, ukasalimia. Watoto wakasogea. Halafu mumoja akajaribu. Jioni walikuwa wanapinduka kila upande kama kuku waliokatwa vichwa, na mama zao wamekaa chini wanashika mbavu. Nilirudi kimya siku ile. Ulinitania, "Kasongo, ulimi umeuacha Katanika?"

Hayo tunayajua wote wawili. Ninayotaka kukueleza ni ya baada.

Tansion yako, ile presha ya damu, ilikuchukua ghafula, hospitali ulikaa kidogo tu, nami nilikuona ukinyoosha vidole vya miguu chini ya shuka. Nikasema, huyu anajiandaa. Beatrisi alifika na ndege, ameshachapisha programe ya mazishi: wimbo, sala, neno la familia, neno la wanamichezo. Nikatafuta neno la mutani. Halipo.

Nikamuendea. Akanipa kiti. Akasema kwa adabu yake ya mujini, "Papa Kasongo, naomba. Mama yangu alikuwa bingwa. Watu walimucheka alipokuwa hai. Sitaki achekwe akiwa kaburini." Macho yake mekundu nyuma ya miwani, nikakubali. Tulikuzika kwa heshima, Mangaza. Ilikuwa vibaya sana. Hata padri alionekana kuchoka.

Wewe unajua ninachosema. Mutu akizikwa bila kuchekwa anabaki mulangoni. Huyu anamulilia, yule anamushika nguo, ataondokaje? Mutani njo anamufukuza. Anavaa nguo zake, anatembea kama yeye, anagomba kama yeye, mpaka wenye kilio wacheke wasipende, na marehemu akisikia kicheko anajua wataweza bila yeye, anajikusanya anakwenda. Wewe ulimufanyia hivyo kaka yangu. Ulivaa kofia yake ukalewa bila kunywa, muke wake akacheka mpaka akatema mate.

Na lilikuwapo lingine, la kwangu. Watani wangu wote wamekwenda, ulibaki wewe. Tulipatana, atakayetangulia mwenzake atamucheka. Ukatangulia, bila adabu, mudogo kuliko mimi. Sasa mimi nani atanifukuza? Utani ni wa kurithi. Wako umeingia kwa Beatrisi. Na Beatrisi ananiita Papa, ananimiminia chai, ananipa kiti. Mutu anayekupa kiti hawezi kukufukuza. Nililala siku nyingi nikijiona nimekufa, nimekaa kwenye mulango wangu mwenyewe, watu wanapita wananisalimia vizuri.

Basi siku ya kutosha matanga ilipokaribia nilimurudia. Nilikataa kiti. Nikamueleza yote kama nilivyokueleza hapa, isipokuwa hilo la kwangu. Akafikiri, akasafisha miwani. "Vaa jaketi lake," akasema. "Tembea kama yeye, watu wacheke. Lakini ile ya kuanguka kwa Ulaya, Papa, hapana. Hiyo usiiguse." Nikasema ndiyo, mama. Mudomo ulisema ndiyo. Moyoni nilisema: mutani anayeacha kitu kikubwa kuliko vyote ni mutani gani? Nitapanda mbao, nitaanguka pale katikati. Nilifanya mazoezi nyumbani, toka kitandani mpaka ku mukeka. Kuku wako walitazama.

Siku ikafika. Wasichana wakaleta mbao mabegani mpaka uani kwako, kama walivyokuleta wewe. Nikavaa jaketi la kijani. Mikono iliishia kwenye viwiko, zipu ilikataa tumbo. Nikatoka na beseni, shingo ndefu, matako nimekaza. Mama Fatuma alianza kucheka kabla sijafika katikati ya uwanja. Nikauza ndakala hewa. Nikamufukuza muteja: "Baba, humu mizani ni ya ndakala!" Wakacheka, lakini kicheko cha kunawa mikono, cha kabla ya chakula. Beatrisi alisimama kando ya mulango, mikono amefunga kifuani.

Nikakanyaga kreti ya bia, nikapanda.

Mangaza, ni juu! Miaka yote nimesimama chini nilidhani ni kifua cha mutoto. Ukiwa pale juu ni mulima. Wasichana wakajipanga huku na huku bila kuambiwa. Nikainamisha macho, nikaona mikono yote mbele, viganja juu, hakuna hata kimoja kinachonigusa. Ulivyowafundisha. Nilivyokuwa mimi. Nikaanza kwenda, goti linalia, mikono nimetanua kama ndege mubaya.

Muguu ukafika katikati. Ukakagusa kale kangazi.

Hapo njo nilipanga kuanguka. Nikainua muguu mwingine, nikauacha hewani. Waliojua ya Ulaya, walijua. Na nikashindwa. Sikukuona, usijisifu, hukunitokea. Niliona tu kitu ambacho miaka yote tuliyocheka sikukiona. Mutoto yuko ng'ambo ya dunia, taa zote juu yake, na muguu wake unatafuta Kalemie. Unatafuta ile mbao mbovu ya kijana wa ateliye. Nami nikiwa juu yake, kangazi kako chini ya kisigino, kananiambia katikati ni hapa, simama. Nitakuangushaje mara ya pili?

Nikaweka muguu mbele. Nikaenda mpaka mwisho.

Hakuna aliyecheka. Mutani asiyeanguka, Mangaza, ni kama mupishi aliyesahau kuwasha moto: watu wameshika sahani wanakutazama. Na kushuka sikuweza. Goti likafunga kabisa. Nikabaki kule kwenye ncha kama jogoo wako juu ya ukuta, jaketi limepanda kitovuni, sijui niombe musaada au nianze sala.

Njo Beatrisi alifungua mikono. Alikuja mpaka chini yangu, akavua miwani. Kiswahili cha biro kikamutoka, kikamuingia cha kambi ya reli.

"Wee Kasongo! Wee mutu wa Ankoro, mula-panya! Mama yangu alianguka mbele ya ulimwengu muzima, akasimama, akasalimia! Wewe hata kuanguka unashindwa?"

Uwanja ukapasuka kwa kicheko. Mama Fatuma alilala juu ya mukeka. Padri aligeukia ukuta, mabega yanaruka. Wasichana wakanishusha kama gunia, hapo njo walinigusa, na Neema akapiga ile firimbi ya mbuzi: "Salimia, Papa!" Nikainua mikono. Beatrisi amekaa chini kwenye vumbi na nguo yake nzuri, anacheka, machozi yanafika shingoni, anarudia, "Alianguka! Mama alianguka!" kama mutu anayetangaza ushindi.

Na wewe uliondoka. Usinikatalie. Nilisikia uwanja unakuwa mwepesi.

Jioni alinimiminia chai. Nikatafuta kiti. Akasema, "Kaa chini, muzee, si umekataa kuanguka." Nilikaa chini, Mangaza. Chai haijawahi kuwa tamu hivyo. Siku yangu ikifika, yule atavaa kofia yangu ya reli, atachechemea na goti langu mbele ya watu, nami nitafukuzwa vizuri.

Basi nenda. Usitazame nyuma, ingawa wewe kinyumenyume njo njia yako. Wasalimie bwana yako na mama yako, umuambie mwiko wake nimeusamehe. Huku usihangaike na mbao: wasichana walitaka niisawazishe, nikaificha randa.

Mwaka ukitimia, Beatrisi atarudi, tutaitoa tena uani. Nakuahidi, kwa goti langu lililobaki zima: mara hiyo nitaanguka. Pale pale, katikati, vizuri, kama mutu aliyelelewa. Na nitasimama, nitasalimia.

Ukiweza kuja siku hiyo, simama upande wa kushoto, ule wa goti bovu. Mikono tayari.

Usiguse.

Mutani wako,
Kasongo wa ateliye